Chifu Ana Stresi

Nyumbani kwangu kuna kiumbe mmoja tu mwenye ruhusa ya kuwa na stresi, naye ana mkia. Sisi wengine tumenyimwa. Mimi nikisema nimechoka, naambiwa ni uzee. Nikinyamaza, nimenuna. Nikiisukuma kando githeri ya juzi, eti nimeanza kujifanya mtu wa Muthaiga. Lakini kinyonga akikataa panzi mmoja, mmoja tu, shughuli zote za boma zinasimama, simu inapigwa Nairobi, inapigwa Nanyuki, na mke wangu anatoa ile miwani ambayo kwa kawaida huvaa Jumapili, apate kumkagua mgonjwa rangi.

Rangi! Nimeishi na mama huyu tangu enzi za Moi. Nimepauka kwa homa, nimeiva kwa hasira siku bonasi ya chai ilipotangazwa, nimekuwa wa kijivu kwa vumbi la barabara yetu, na sijasikia hata mara moja, "Mzee, leo naona rangi imebadilika, una nini?"

Nieleze mambo yalivyoanza, maana huku Tetu habari zimekwisha kutangazwa vibaya na akina mama wa chama, ambao nitawafikia. Mjukuu wangu alikuja likizo ya Agosti. Ni mtoto wa Nairobi, wa ghorofa ya nne, na mnyama anayemfahamu kwa karibu ni paka wa bawabu. Hajakaa sana, akaingia jikoni ameshika kijiti, na juu ya kijiti pana kinyonga aliyemtoa kwenye ua wetu wa kayaba. Mtoto wa huku asingethubutu. Sisi tuliambiwa kĩmbu haguswi, hachekwi, na ukimkuta njiani unampa nafasi yake apite, hata akichukua adhuhuri nzima. Waliojiona majasiri walimtilia ugoro mdomoni kisha wakatimua mbio kabla hajapata muda wa kuchukia.

Nilifungua kinywa kutoa amri, nikakuta nimechelewa. Kwa desturi yetu Wakikuyu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba. Kijana huyu basi ni mimi, kwa jina, na mke wangu, cucu wake, humwita "mume wangu" bila haya mbele ya wageni. Boma hili lina waume wawili, na wala si siri ni yupi wa kwanza. Mume wa kwanza alitaka kinyonga. Kizimba cha wavu nilichokuwa nimewatengenezea vifaranga kikatwaliwa, kikatiwa matawi, kikawekwa sebuleni karibu na dirisha. Vifaranga wakahamia kwenye katoni. Hakuna aliyeuliza kama wao walikuwa na stresi.

Jina alipewa siku hiyo hiyo. Kichwani ana mwinuko wa mfupa unaofanana na kofia ya chifu siku ya baraza, na chini ya kidevu ana ndevu za magamba. Lakini kilichompa cheo hasa ni mwendo. Aliinua mguu, akaurudisha, akautikisa hewani, akafikiri upya, akautua pale pale ulipokuwa. Tuliomtazama tuliutambua mara moja mwendo wa serikali. Chifu.

Vinyonga wa aina yake wamejaa nyuani kwetu, na wanasayansi walimpa jina la Ludwig von Höhnel, afisa wa jeshi la maji la Austria aliyefika pande hizi mwaka 1887 akifuatana na Teleki, yule bwana wa Hungaria aliyetaka kuupanda Mlima Kenya. Wakaendelea hadi Turkana, ziwa la watu wakalibandika jina la mwana wa mfalme wao, na juu ya yote hayo Höhnel akaachiwa na kinyonga. Mimi nimezaliwa hapa. Vitu vyenye jina langu ni mjukuu asiyenisikiliza na ukurasa mmoja katika daftari la madeni dukani.

Shemeji yangu wa Meru alipopigiwa simu alicheka mpaka akakohoa. "Huyo wenu ana pembe ngapi, Shemeji?" Nikamwambia ana kinundu puani. "Kinundu! Wetu wana pembe tatu. Huyo wenu walikuwa wanajaribia." Na ni kweli, pande zao wako wale wakubwa ambao dume hubeba pembe tatu usoni, moja puani na mbili mbele ya macho, na mawili yakikutana juu ya tawi husukumana mpaka moja liteleze. Hao nao wana jina la Mzungu, Frederick Jackson, aliyekuja kuwa gavana wa Uganda. Shemeji hajui hilo, na mimi sikumwambia. Kila mtu aachiwe cha kujivunia.

Asubuhi ya kwanza Chifu aliamka mweusi.

Agosti huku kwetu si mwezi, ni hukumu. Ukungu unashuka kutoka Aberdare usiku, unakaa, na jua likijitokeza hujitokeza kwa kuomba radhi. Mke wangu alimtazama mgonjwa akasema, "Amekasirika huyu. Ameota vibaya." Mjukuu akasema, "Cucu, ni stresi. Nimesoma. Wakiwa na stresi wanakuwa weusi." Kisha wote wawili wakanigeukia mimi, ambaye nilikuwa nimeketi tu, nimevaa sweta mbili na mavini, nikinywa chai.

Nikasema ni baridi. Nikapuuzwa. Akaja jirani yetu Afande, mstaafu aliyelinda wanyamapori mpaka magoti yakagoma, akamtazama kinyonga kwa kitambo akasema ni baridi. Akapewa chai na nduma.

Kumbe mnyama huyu hana moto wa ndani. Asubuhi hujitia weusi makusudi ili ngozi inywe joto haraka, akageuzia jua ubavu, akajifanya bapa, akangoja. Akishapata moto, rangi hurudi polepole. Huko juu mlimani, kupita mita 3,000, wapo vinyonga ambao usiku hulala katika baridi ya kugandisha maji, na asubuhi huota jua kisha wakaenda kazini. Hawana cucu, hawana blanketi. Tatizo ni kwamba weusi huo huo ndio wa hofu na wa ugonjwa, kwa hiyo anayesoma rangi peke yake hajasoma kitu. Uangalie na saa, alisema Afande. Mweusi wa saa moja asubuhi mwache. Mweusi wa saa saba mchana, jua limempata na bado ni mweusi, macho ameyafumba, huyo ndiye wa kuulizwa habari.

Mke wangu alisikia neno baridi tu. Hayo mengine yalipita dirishani. Afande hajafika langoni, kizimba kimesogezwa kando ya jiko la makaa. Mambo yakaenda vizuri kwa muda. Chifu akawa kahawia, akawa kijani, na cucu akawa anapiga makofi. Kisha Chifu akapauka, akapanda kwenye kona ya mbali kabisa na jiko, akaachama. Akabaki ameachama.

"Anataka kusema," alisema mke wangu, kwa sauti ya chini ya mtu anayengoja unabii.

Alichotaka kusema ni kwamba anaungua. Kinyonga hawezi kutoa jasho. Joto likimzidi hupauka ili alifukuze, akafungua mdomo apumue, na wa milimani hufa kwa joto upesi kuliko kwa baridi. Nilikiondoa kizimba mwenyewe, nikalaumiwa kwa kumnyima mtoto joto. "Mtoto" hapa ni kinyonga. Mjukuu nilikuwa nimemwona nje akicheza kwenye umande bila viatu, na yeye hakupelekewa jiko.

Basi akarudishwa dirishani, na dirishani akamkuta kinyonga mwingine.

Huyo mwingine alikuwa kwenye kioo, ana kofia ile ile na ndevu zile zile, na alimtazama Chifu kwa dharau isiyovumilika. Chifu akajipanua ubavu akawa jani pana, akashusha ndevu, akayumbayumba, akafoka. Aliye kiooni naye akafoka. Ugomvi ule uliendelea mchana mzima, na rangi zilizotoka sijawahi kuziona hata kwenye kampeni: manjano, madoa ya buluu, michirizi ya kutu. Mjukuu alipiga picha akifurahi kwamba Chifu "amechangamka". Kuchangamka gani! Mtu akikuta jitu limesimama sebuleni kwake halitaki kuondoka, halifumbi macho, na kila akilitishia nalo linamtishia, atachangamka vile vile. Tulifunika kioo kwa gazeti, naye akatulia. Ikawa sebule yangu haina mandhari ya Mlima Kenya. Ina ukurasa wa matangazo ya vifo.

Kuhusu rangi hizo, watu wamedanganyana miaka mingi. Kijana alimweka juu ya leso ya cucu yenye maua mekundu, akangoja maua. Akapata kinyonga mweusi mwenye hofu juu ya leso. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva walieleza, kwa kuwachunguza vinyonga wa Madagaska, kwamba ngozini mwao mna fuwele ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Mnyama akitulia fuwele zinakaribiana, mwanga wa buluu ndio unaorudi, ukichanganyika na manjano ya ngozi tunaona kijani. Akipandwa na hasira au mapenzi fuwele zinaachana, na manjano na wekundu vinachukua nafasi. Akibadilika hivyo hajifichi, anatangaza. Wale wanaowaita wabunge vinyonga wamemtukana mnyama asiye na hatia, ambaye akikuchukia unaiona chuki hiyo ubavuni, mapema, kabla hujampigia kura.

Na mimi alinichukia. Sisemi kwa kujihurumia, Chifu aliiandika ubavuni. Kila nilipoingia sebuleni kwenda kwenye kiti changu, alizunguka kijiti akahamia upande wa pili, akajibana, akabaki akinichungulia kwa jicho moja, lile jingine likiendelea kumtazama mke wangu kwa utulivu. Kijana akasoma kwenye simu: kwa kinyonga, kitu kikubwa kinachomjia kutoka juu ni ndege mla vinyonga. Mimi ni mrefu. Kwa hiyo mimi ni mwewe.

Kikao kikafanyika bila mimi, ikaamuliwa mwewe ahamie kiti cha plastiki kando ya mlango, na akipita karibu na dirisha apite ameinama. Mgongo wangu ulishawahi kukataa kuinama hata mbele ya askofu. Mzee mmoja wa kanisa alikuja kuchukua mchango wa paa, akanikuta nikivuka sebule yangu mwenyewe nimejikunja kiunoni, natembea kimya kwa soksi. Hakuuliza. Aliandika risiti haraka akaondoka, na nasikia Jumapili hiyo niliombewa.

Redio nayo ikapunguzwa. Huwa nasikiliza taarifa ya saa moja, ni starehe yangu ya mwisho duniani. Nikaambiwa kelele zinampa Chifu stresi. Sasa, nimesoma na mimi. Simu si ya watoto peke yao. Kinyonga hana tundu la sikio. Hana. Husikia kwa shida, sauti chache nzito tu, na kinachomfikia zaidi ni mtikisiko wa tawi alilosimamia. Anayesumbuliwa na mlio wa redio katika nyumba ile si yeye. Mke wangu ana masikio mawili na hanisikii nikiomba chai. Asiye na sikio hata moja amezimiwa habari za taifa.

Kisha ikaja siku ya macho. Yale macho yake, ambayo kwa kawaida yamejitokeza nje na kuzunguka kila moja kwa safari yake, yalianza kudidimia. Bakuli la maji lilikuwa pale, limejaa, halijaguswa. Cucu akabadilisha maji. Akabadilisha bakuli. Akaweka maji ya uvuguvugu. Nilipoona anaelekea kuongeza maziwa nikaenda kumwita Afande.

"Kinyonga hajui bakuli ni nini," alisema Afande. Maji yaliyotuama kwake ni sakafu. Anachokijua ni tone linaloning'inia kwenye jani, linalong'aa, linalotaka kuanguka, hilo hulilamba. Macho yakizama ni kiu hiyo, na ngozi ikikunjamana kiu imekuwa kubwa. Tukanyunyizia majani maji, akanywa tone baada ya tone kwa muda mrefu ajabu, na kwa mara ya kwanza nilimwonea huruma. Yuko Tetu, Agosti, mvua ya rasharasha inanyesha nje mita mbili kutoka aliposimama, ukungu umelowesha kila jani la kayaba, na yeye anakufa kwa kiu ndani ya nyumba ya mabati kwa sababu anapendwa.

Mambo haya yana historia. Mwaka 1972 mwenye duka la wanyama mmoja kisiwani Oahu, Hawaii, aliletewa kutoka Kenya vinyonga wa pembe tatu, kadiri ya dazeni tatu, jamaa za wale wa shemeji yangu. Safari iliwafikisha wamekonda na wamekauka. Yule bwana akawaonea huruma, akawaachia kwenye bustani ya nyumba yake huko Kaneohe wapate nafuu. Wakapata nafuu, wakaondoka. Leo uzao wao umeenea katika visiwa kadhaa vya huko, unakula konokono wa asili na wadudu wa asili, na serikali ya Hawaii inawahesabu wavamizi. Nilimsimulia shemeji akafurahi sana. Alidhani ni sifa.

Kuna na hili. Wanaofuga hawa wetu wa mlimani huko Marekani na Ulaya hununua mashine maalumu ya kutoa ukungu, inayojiwasha yenyewe asubuhi na jioni, na usiku huhangaika chumba kipoe, maana kinyonga wa milimani asipopata usiku wa baridi hudhoofika. Fikiria mtu timamu, ana kazi, ana nyumba, analipa bili ya stima ili apate Agosti ya Tetu. Ningejua mapema ningefungua biashara. Ningewatumia hata matope.

Chakula sitakieleza sana kwa sababu bado naona aibu. Panzi waliisha kwenye nepia ya karibu, kijana akasoma kwamba mlo wa aina moja haufai, na nzi wangefaa. Nzi wako zizini. Anayejua zizi ni nani? Nikaonekana na nusu ya kijiji, saa nne asubuhi, mtu wa umri wangu, mlezi wa kamati ya maji, nimevaa gambuti, namnyemelea nzi kwenye mgongo wa ng'ombe nikiwa na mkebe wa Blue Band. Ng'ombe alinitazama. Hata yeye alikuwa na swali. Na nilipofika na nzi wangu, ulimi ulitoka, mrefu kuliko mwili mzima wa mwenyewe, ukarudi, nzi hayuko, na mke wangu akasema, "Hongera, Chifu."

Faida moja ilipatikana, niitaje kwa haki. Chama cha akina mama kilifika zamu ya kwetu. Waliingia kwa nyimbo, wakaketi, chapati zikaletwa, mmoja akainua macho akaona kilicho dirishani. Sijapata kuona mlango wa nyumba yangu ukipitisha watu watatu kwa pamoja. Usiwacheke. Huku tumelelewa na ile hadithi ya Ngai kumtuma kinyonga awaambie watu kwamba hawatakufa kabisa. Akaenda kwa mwendo wake huo, akafika, akaanza kugugumia maneno, na ndege aliyetumwa nyuma yake akamtangulia kusema kwamba watu watakufa. Wazulu kule kusini wanaisimulia vile vile, ila kwao aliyetangulia ni mjusi. Nusu ya Afrika inamdai mnyama huyu uzima wa milele. Huwezi kutegemea akina mama wale pale mezani kwake na kuweka akiba. Chapati walizoziacha nilizila mpaka Alhamisi, nikiwa nimeinama.

Mjukuu alipokaribia kurudi shule ndipo Chifu alipoanza wazimu. Sasa hakukaa kijitini tena. Alipanda wavu, akashuka wavu, akapanda, akashuka hadi chini, akakwangua udongo, akapanda. Nzi hakutaka. Panzi hakutaka. Kila mtu alikuwa na dawa. Cucu akataka maombi. Muuza dawa za mifugo huko Karatina alisikiliza dalili zote kwa makini akashauri dawa ya minyoo, kipimo cha mbuzi, tugawanye. Kijana aliketi mbele ya kizimba analia, "Guka, amepata stresi kubwa."

Afande akaja na fimbo yake. Safari hii hakumtazama usoni, alimtazama tumbo, lililokuwa limejaa vinundu pande zote mbili.

"Chifu wenu ni mama," alisema. Katika aina hii dume na jike wote wana kofia, wote wana kinundu puani, mgeni hawezi kuwatofautisha upesi. Tena hawatagi, huzaa watoto hai, mmoja mmoja, na wakishaanguka kila mmoja huanza kutembea na shida zake mwenyewe. Mama anayekaribia huhangaika, hula kidogo au huacha kabisa. Na kinyonga yeyote, mjamzito asiye mjamzito, anayepanda na kushuka wavu mchana kutwa hana ugonjwa. Anatafuta mlango.

Kisha akageuka kwangu, si kwa mjukuu, si kwa mke wangu, ambao ndio wenye mali. "Mzee, unajua huyu ni mnyama wa porini? Kuna sheria ya wanyamapori ya 2013. Kumweka bila kibali ni kosa." Akaongeza kwamba tangu 1977 hata biashara yao kati ya nchi na nchi iko chini ya mkataba wa CITES, na kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1980 Kenya ilikomesha kuwauza nje. Alisema haya yote akiwa anakula nduma yangu. Mimi ambaye nilipinga tangu jikoni, niliyefukuzwa kitini, niliyevua nzi, ndiye niliyekuwa mshukiwa.

Tukamrudisha kwenye kayaba, pale pale alipotolewa, na mvua ikinyesha. Kijana alibeba kijiti, cucu alibeba mwavuli, wa kinyonga. Chifu alikanyaga tawi la kwanza, akafikiri, akalikanyaga tena. Baada ya hatua chache sikumwona, ingawa nilikuwa namtazama.

Kijana akaenda Nairobi. Nilidhani mambo yamekwisha, nikaondoa gazeti kwenye kioo. Lakini Afande, ambaye hajui kunyamaza, alikuwa amemwambia mke wangu kwamba vinyonga wakilala usiku hupauka, na ukipitisha tochi uani unawaona wameng'aa kwenye ncha za matawi. Mama ambaye kwa miaka hajawahi kutoka nje baada ya saa mbili kwa kuogopa baridi ya kifua sasa hutoka kila usiku na tochi yangu, betri zangu, na koti langu. Amewaona. Vitoto, virefu kuliko kucha kidogo tu, kila kimoja kimeshika ncha yake, kimelala. Hupiga simu Nairobi na kuripoti, kisha huingia ndani na miguu ya baridi, ambayo anaipashia moto kwangu.

Ua sasa haukatwi. Kayaba ina miiba na ina mbio, na kwa kawaida huukata kabla ya mvua za Oktoba. Nilichukua panga, nikakuta nimezuiwa njiani. Nikasema ua utafunga barabara. Nikaambiwa nikumbuke kwamba Tetu hii ndiko alikozaliwa Wangari Maathai, pale Ihithe, na mimi nimesimama na panga. Utamjibu nini mtu anayekuletea Wangari Maathai? Nililirudisha panga.

Pikapu ya maziwa haiwezi tena kugeuza langoni, kwa hiyo kopo nalibeba mwenyewe hadi barabarani. Upande wa pili matawi yamevuka mpaka, na jirani wa chini, ambaye kwa ardhi ya inchi tatu anaweza kwenda mpaka mahakama ya rufani, amesema ua wangu unamla shamba kimakusudi na ataleta savea. Nilimwomba mke wangu turuhusu angalau upande mmoja upunguzwe. Akaniambia upande huo ndio wenye vitoto vingi.

Savea anakuja Alhamisi. Mke wangu ameshampigia simu. Amemwambia asije na kijana wa kufyeka, mnyororo asiupitishe uani, na kama ni lazima apime, aje usiku, atamshikia tochi.